Kamba ya Kupimia Treni

Nimefundisha Jiografia mjini Mbinga kwa miaka mingi, na kila mwaka nimewafundisha faida za reli watoto ambao hawajawahi kuiona reli. Mwalimu wao naye alikuwa hajaiona, ila hilo sikuwahi kulisema darasani. Nilikuwa nachora ubaoni treni yenye mabehewa matano, moshi unatoka mbele, dereva amekaa nyuma ya usukani, kisha nasema, "Treni hubeba mizigo mingi kwa mara moja," kwa sauti ya mtu aliyeshuka nayo jana. Wakaguzi walikuja, wakaketi nyuma ya darasa, wakaisifu michoro yangu. Ningezikwa na siri hiyo kama si baba mdogo.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu. Anaishi Lundo, chini huko ziwani, analima mihogo na kuvua, na katika ukoo wetu yeye ndiye mtu ambaye ukimwambia jambo fulani haliwezekani, anainuka kutafuta viatu. Zamani kidogo walipita wapimaji shambani kwake wakapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, vikajipanga mstari mmoja kuelekea ziwani. Walimwambia kuwa reli itapita hapo, na kila kigingi kipo katikati kabisa ya njia yake. Wakanywa maji, wakashukuru, wakaondoka. Vigingi vikabaki, na mihogo ikaendelea kuota pembeni yake.

Aliyevipenda vigingi hivyo ni mkewe, mama mdogo. Alivipalilia. Mvua ikifuta rangi, alikuwa wa kwanza kulalamika. Alishapanga kwamba treni ikianza kusimama Lundo atauza samaki wa kukaanga madirishani, na alishachagua beseni la kuwabebea. Hakuwahi kuiona treni wala kusikia inavyolia, na alikuwa akiwaomba wageni wote kutoka mikoa ya reli wamwigizie. Wengi waliona haya. Alipougua na kujua hatapona, alimwambia mumewe, "Usinipandishe kule juu kwenye makaburi ya ukoo. Nizike hapa karibu na vigingi, ikianza kupita niisikie." Baba mdogo akamzika hapo hapo. Hakumwomba mtu ruhusa.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Shangazi yetu mkubwa, dada yao wa kwanza, ambaye hata wenyeviti wa kijiji humwamkia kwa mbali, aliitisha kikao cha ukoo. Alisema mdogo wake amemlaza mkewe njiani. Reli ikija, treni itampita kifuani, na nani atajibu kwa mababu? Afukuliwe mapema, kwa heshima na kwa maombi, apelekwe juu akalale na wakwe zake. Baba mdogo akasema treni haitamfikia, nafasi ipo. Shangazi akamuuliza, "Wewe treni umeiona wapi, hata ukajua upana wake?"

Halafu, kama vile wameambiana, wote wakanigeukia mimi.

"Upana wa treni," nikasema, nikakohoa, "unategemea."

"Unategemea nini, mwalimu?"

"Mambo mengi."

Shangazi aliniangalia mpaka nikajisikia nimevaa nguo ya kuazima. Uamuzi ukatoka kwamba baba mdogo apewe muda hadi baada ya mavuno. Alete ushahidi kwamba treni itapita bila kumgusa marehemu. Asipouleta, kaburi litahamishwa.

Siku ya pili yake baba mdogo alichukua kamba ya kushonea nyavu akaenda kaburini. Wavuvi wa kwetu hawapimi kwa mita. Hupima kwa pima, yaani mikono yote miwili ikinyooshwa, na ndivyo wavu unavyokatwa, ndivyo kamba ya nanga inavyonunuliwa. Alifunga ncha moja kwenye kigingi, akaivuta hadi ukingo wa kaburi, akapiga fundo. Pima mbili na shubiri. Akaizungushia kamba kwenye kipande cha kijiti, akakitia kijiti kwenye mfuko wa koti la kanisani, akaja kwangu Mbinga kuniuliza treni iliyo karibu ipo wapi.

Bahati yake, mtoto wa dada yangu alikuwa anaoa katika mji mmoja wenye reli. Mji wenyewe siutaji. Kuna dada mmoja huko aliyetuvunjia kanuni ya kazi yake, na sipendi apate matatizo kwa sababu ya kamba ya babu wa bwana harusi. Tuliondoka alfajiri kwa basi. Tulipofika Kitai, abiria wakinunua mahindi madirishani, baba mdogo alikuwa ameshawaeleza watu wa viti vyote vya jirani kwamba anakwenda kupima treni. Mzee mmoja akasema asijisumbue, treni ina upana wa kanisa. Mama mwingine, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya kati, akasema hapana, ni kama basi hili tu. Tulipoingia Songea basi lilikuwa limegawanyika, wa kanisa upande mmoja na wa basi upande mwingine, na mimi nilikuwa nimejifunika kitenge usoni nikijifanya nimelala.

Harusi ilikwenda salama. Kesho yake wenzetu wakaenda madukani, nami nikampeleka baba mdogo stesheni. Treni ikaja. Sitasema nilivyojisikia kuiona kwa mara ya kwanza, maana nilikuwa nimemshika koti kwa mikono miwili asiruke kwenye njia. Alikuwa ameshatoa kijiti mfukoni. Askari wa stesheni akatufukuza kwa adabu, akatuambia kama mzee anapenda treni nimpeleke makumbusho, huko zimesimama na haziendi popote.

"Ungesema mapema," baba mdogo akanilaumu. "Chombo kinachotembea kinapimwaje?"

Mlangoni mwa makumbusho tulipokelewa na dada mwenye sare na kitambulisho kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye treni?"

"Hapana mzee, ninawatembeza wageni."

"Basi utampelekea mwenyewe," akasema, na kutoa kwenye kikapu furushi la usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, waliokauka vizuri lakini waliokwishakaa siku tatu kwenye mwendo. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu huwezi kwenda kumwomba mtu upime chombo chake bila kubeba kitu. Yule dada alisita, akaangalia kulia na kushoto, akapokea kwa mikono miwili. Aliwahifadhi ofisini. Kuanzia saa hiyo makumbusho yote yakanuka Lundo, na kundi la wanafunzi lililokuwa mbele yetu likawa linageuka kila mara kumtafuta mhalifu.

Vichwa vya treni vilisimama uani chini ya bati refu, vyeusi, vikubwa, kila kimoja na kibao chake. Nakiri kwamba nilishangaa. Nilikuwa nimevichora mara nyingi mno kwa chaki, na kumbe nilikuwa nachora birika lenye magurudumu. Gurudumu moja lilinipita kimo. Baba mdogo yeye hakushangaa kama nilivyotarajia. Alikizunguka kile kikubwa kuliko vyote taratibu, akakigonga kwa vifundo vya vidole kila hatua mbili, akainama kutazama chini, kama anavyokagua mtumbwi kabla ya kuununua.

"Hakivuji," akasema.

Dada akaturuhusu kupanda ngazi tuingie alipokuwa anakaa dereva. Kulikuwa na mdomo wa tanuri, mabomba, na vyuma vya kuvuta vingi kuliko mtu anavyoweza kuvikumbuka. Baba mdogo akaangaza huku na huku.

"Mwalimu," akaniita, "usukani uko wapi?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa dhati, hadi nyuma ya mlango. Kisha nikasema kwa sauti ya darasani, "Utakuwa umeibiwa. Vitu vya makumbusho vinaibiwa sana."

"Treni haina usukani, mwalimu," dada akasema kwa upole kutoka chini. "Inafuata reli."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale juu, mbele ya tanuri lililopoa. Nikamkumbuka binti mmoja wa kidato cha pili aliyewahi kuandika kwenye mtihani kwamba treni haina usukani. Nilimwekea mkasi mwekundu wa kosa, na pembeni nikaandika, "Soma zaidi." Baba mdogo alicheka hadi akashika ngazi. Sikucheka. Nilimwambia ashuke afanye kilichomleta.

Tatizo lilikuwa kibao. Kila treni ilikuwa na kibao kilichoandikwa USIGUSE, na mzee wangu anaheshimu maandishi. Akamweleza dada habari yote tangu mwanzo: vigingi, mkewe, kikao, shangazi, pima mbili na shubiri. Aliieleza akiwa ameshika kofia mkononi. Dada yule alisikiliza, akatazama tena kulia na kushoto, kisha akasema, "Nipe ncha, mzee."

Akachuchumaa na sare yake mbele ya kile kichwa cha treni, akaishika ncha ya kamba katikati kabisa, kwenye ndoano ya kuungia mabehewa. Baba mdogo akaivuta kamba kuelekea pembeni, sawasawa, bila kugusa chuma hata kwa ukucha. Akafika mwisho wa ubavu wa treni na bado kamba ipo. Akaendelea kurudi nyuma, kamba ikinyooka, hadi kwenye fundo. Kati ya ubavu wa treni na fundo kulibaki pima nzima na zaidi. Anapita mtu hapo, na mbuzi wake, na mzigo wa kuni.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona, baba."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Akaruka. Mtu wa umri wake, mwenye goti bovu, aliruka. Kisha akamshika mkono yule dada akautikisa kwa muda mrefu, akamwahidi usipa wengine. Nilifurahi pia, nisifiche, na nikaanza kuipenda safari. Kosa letu lilikuwa kutoondoka saa ile.

Dada, kwa ukarimu, akasema bado hatujaona treni ndogo. Akatuingiza kwenye chumba chenye meza kubwa mno, na juu yake ulikuwepo mji mzima wa kuchezea: vilima vya karatasi, madaraja, stesheni, nyumba za bati, ng'ombe wadogo kama harage, na watu wadogo zaidi wakisubiri na mizigo yao. Alibonyeza kitufe, treni yenye urefu wa mkono ikatoka kwenye shimo la kilima ikaanza kuuzunguka mji. Wanafunzi wakashangilia. Baba mdogo akaivulia kofia ilipompita.

Ilipozunguka mara ya nne akauliza, "Inakwenda wapi?"

"Inazunguka tu, mzee. Inarudi ilipoanzia."

"Kila siku inapita na haifiki?"

"Ndiyo, mzee."

"Hii ndiyo inayofanana na ya kwetu," akasema, na mwalimu wa wale wanafunzi akaangua kicheko kilichomtoa miwani.

Lakini baba mdogo alikuwa ameshainama mezani, anatafuta kitu. Alifuata njia ya reli kwa macho, kilima kwa kilima, nyumba kwa nyumba. Alipomaliza mzunguko akainuka.

"Makaburi yako wapi?"

Dada akasema hajawahi kuulizwa swali hilo. Akajaribu utani, kwamba watu wa humu hawafi. Baba mdogo hakucheka. Akasema palipo na nyumba nyingi namna hii pana makaburi, na reli ilipojengwa lazima iliyakuta. Yalifanywaje? Dada akanitazama mimi. Mimi nikatazama ng'ombe. Basi akamweleza ukweli, polepole, kama anavyoelezwa mtu mzima. Akasema treni haipewi upana wake peke yake. Kila upande wa reli kuna ardhi inayoachwa wazi, inaitwa hifadhi ya reli, na nyumba au kaburi lililomo humo huhamishwa kabla ujenzi haujaanza. Familia huitwa, huelezwa, mambo hufanyika kwa heshima.

"Hiyo hifadhi ni pima ngapi?"

"Nyingi, mzee. Zinazidi sana hiyo kamba yako."

Baba mdogo akakitoa kijiti mfukoni, akakitazama, akakirudisha. Nina shahada, ninaweza kutaja hali ya hewa ya mabara yote, na sikuwa na neno moja la kumpa mzee huyo. Treni ile ndogo ikazidi kuzunguka mpaka mtu akabonyeza kitufe.

Nadhani yule dada alimwonea huruma. Akatuambia tumfuate uani tena, na kwenye ukuta akatuonyesha filimbi ya shaba iliyotolewa kwenye kichwa cha treni cha zamani, ikaungwa na mtungi wa hewa ili wanafunzi wasikie ilivyokuwa ikilia. Akafungua. Mimi niliziba masikio. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikakaa huko juu ikitetemeka, halafu ikashuka taratibu. Baba mdogo hakuziba masikio. Alifumba macho, na koo lake likawa linacheza.

"Rudia, mwanangu."

Dada akarudia. Akaombwa tena, akarudia tena. Mara ya nne mkubwa wake akatokea dirishani, nasi tukaaga.

Njia nzima ya kurudi mzee hakusema na abiria. Alikaa dirishani akinung'unika sauti fulani kooni, ya chini, halafu ya juu. Mama mmoja akaniuliza kama babu anaumwa tumbo.

Baada ya mavuno kikao kikakaa tena Lundo, mchana, pale pale shambani. Shangazi alikalia kigoda chake na fimbo magotini. Baba mdogo akaitandaza kamba chini, akaonyesha ilipoishia treni na lilipo fundo, akasema ameiona, ameipima, inapita na nafasi inabaki. Akaketi. Kuhusu hifadhi hakusema kitu. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

"Mwalimu," shangazi akasema. "Wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Baba mdogo alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemwita baba, akiniomba bila kufungua mdomo. Nami ningeweza kusema ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli, treni ilikuwa inapita. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mwalimu wa mambo nisiyoyajua, na hili angalau nililijua. Nikasimama nikasema kamba haijadanganya. Kisha nikaeleza hifadhi ya reli. Nikaeleza kwamba reli ikija, kaburi hili litahamishwa. Na kwa kuwa nilishaanza kutubu, nikaongeza kwamba treni haina usukani na kwamba kabla ya mwaka huu sikuwahi kuiona. Hakuna aliyeniuliza hayo.

Baba mdogo akainamisha kichwa. Nilijiona msaliti, na bado najiona kidogo.

Shangazi aliigeuza fimbo yake magotini. Halafu akauliza, "Na hiyo treni inakuja lini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Mtu mmoja akasema alisikia redioni, mwingine akasema huyo alisikia mwaka juzi.

"Kwa hiyo mnataka nimwamshe mke wa mdogo wangu," shangazi akasema, "nimbebeshe mizigo, nimpandishe mlima, kwa ajili ya mgeni ambaye hajatoa taarifa?"

Alikuwa yeye mwenyewe aliyetaka hivyo, lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Akagonga fimbo. Marehemu alale alipo. Siku mashine za kujenga zitakaposikika, tutamhamisha. Watu wakapiga makofi, na wengine wakaanza kuulizia chakula.

Baba mdogo hakupiga makofi.

"Dada," akasema, "mkimhamisha kabla haijapita, ataisikia lini?"

Makofi yakaisha. Ilikuwa kweli. Treni isipokuja hataisikia, na ikija atakuwa ameshaondolewa.

Baba mdogo akainuka. Akavua koti, akalikunja, akalitundika kwenye muhogo. Akatembea hadi kwenye kigingi cha kwanza, kule juu ya shamba, akageukia ziwani. "Mwalimu," akaita, "njoo unishike nyuma. Wewe behewa."

Niliangalia kama kuna mwanafunzi wangu karibu. Kisha nikavua viatu nikaenda, nikamshika kiunoni. Akaanza kupumua kwa nguvu, chu, chu, mikono ikizunguka ubavuni, akafuata vigingi kwa goti lake bovu, nami nikimfuata, na mihogo ikituchapa pande zote mbili. Nyuma yangu nikahisi mtu amekamata kitenge changu. Nikageuka. Alikuwa shangazi, fimbo kwapani, uso mkavu kabisa. Tulipokaribia kaburi baba mdogo akapunguza mwendo, akajaza kifua, akalia ile sauti: ya chini, ikapanda, ikakaa juu ikitetemeka hadi mishipa ya shingo ikamsimama, ikashuka taratibu kuelekea ziwani. Kuku wote wakatawanyika. Watu waliokuwa wakicheka wakaacha.

Alisimama pale akihema, jasho likimtiririka, akalitazama kaburi.

"Sikuanzia chini vya kutosha," akasema. "Pengine hakusikia vizuri. Turudie."

Tukarudi kwenye kigingi cha kwanza, sisi watatu na watu wengine watano.